Shule za Singida na Nafasi za Vijana Wetu



Tulipokuwa katika mji wa Singida, baada ya sala ya Alasiri, tulikaa kidogo barazani mwa msikiti kungoja jua lipungue na upepo utulie, ingawa upepo wa Singida hautulii kwa kungojwa. Akatujia mzee mmoja wa upande wa Ikungi, mkulima wa alizeti, mkononi ana mfuko wa nailoni. Ndani ya mfuko mlikuwa na karatasi mbili zilizokunjwa vizuri. Moja ilikuwa hati ya kuzaliwa ya binti yake, na ya pili cheti chake cha kidato cha nne. Binti huyo alikuwa amekwisha maliza kidato cha sita na amefaulu, na sasa alikuwa akiomba mkopo wa serikali aingie chuo kikuu. Lakini katika hati ya kuzaliwa jina la baba limeandikwa Othman, na katika cheti cha shule limeandikwa Athumani.

“Shekhe,” alituuliza, “huyu baba ni mmoja au ni wawili?”

Tulicheka naye, kisha tukaacha kucheka, maana jambo lenyewe si la mchezo. Kwa herufi chache tu binti wa watu aweza kukaa nyumbani mwaka mzima. Nasi tukaona yafaa tuandike juu ya habari hii na nyingine zilizo karibu nayo, ili wazazi wa Singida, na wa mahali penginepo palipo na hali kama hiyo, wapate kujua milango iliyo wazi na vizingiti vilivyomo milangoni.

Kwanza tutaje kidogo habari za mkoa wenyewe. Singida ilikuwa sehemu ya Jimbo la Kati wakati wa Waingereza, na ikawa mkoa peke yake mwaka 1963. Leo ina halmashauri saba: Manispaa ya Singida, Singida Vijijini, Ikungi, Iramba, Mkalama, Manyoni na Itigi. Wenyeji wake wengi ni Wanyaturu na Wanyiramba, na upande wa Manyoni wapo Wagogo, na Mkalama wapo Wanyisanzu na Wahadzabe. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2012 walipatikana zaidi ya 1,370,000, na katika hesabu ya mwaka 2022 walipita milioni 2. Yaani katika miaka kumi watu wameongezeka karibu nusu ya walivyokuwa, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ni watoto, nao watoto wataka madarasa.

Misafara ya zamani iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe ilipita kusini mwa nchi hii, ikavuka lile pori lililoitwa Mgunda Mkali, na Waislamu wa mwanzo walipita njia hizo. Lakini shule za kizungu zilifika kwa mkono wa wamisheni, hasa Walutheri wa Augustana kutoka Marekani waliokaa Iramba tangu miaka ya 1920. Wazee wetu wengi waliogopa kupeleka watoto huko, na hofu yao twaielewa, hata kama matunda yake yalikuwa machungu. Mambo yalibadilika baada ya uhuru, hasa serikali ilipozitwaa shule za mashirika kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, mtoto akawa aingia shule bila ya kuulizwa dini yake. Kisha likaja Azimio la Musoma la mwaka 1974, na mwaka 1977 ikawa nchi nzima yahimizwa kumwandikisha kila mtoto shule ya msingi. Tangu hapo hatuna tena udhuru wa kusema kwamba mlango umefungwa.

Mlango ukazidi kufunguka. Tangu Januari 2016 elimu ya serikali hutolewa bila ada kuanzia shule ya msingi hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ada ikaondolewa pia katika kidato cha tano na cha sita. Shule za kata zimejengwa kila upande tangu katikati ya miaka ya 2000, hata vijijini ambako zamani mtoto akitaka sekondari ilimpasa ahame mkoa.

Ila neno “bila ada” wazazi wengine wamelisikia kama “bila gharama”, na hayo ni mambo mawili. Sare yanunuliwa, daftari lanunuliwa, viatu vyanunuliwa, na chakula cha mchana mara nyingi huchangiwa na wazazi. Tena tazameni jinsi kalenda ya shule ilivyokaa na kalenda ya shamba katika nchi yetu ya kati. Mvua za Singida ni za msimu mmoja tu, huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Shule zafunguliwa Januari. Januari ndiyo mwezi ambao ghala ni tupu, mtama haujakomaa, alizeti ndiyo kwanza inaota, na kila shilingi iliyomo nyumbani yatafutiwa unga. Katika wakati huo ndipo mtoto wa kidato cha kwanza atakiwapo awe na sare mbili, mfuko wa madaftari na godoro ikiwa atakaa bweni. Twajua nyumba ambamo mtoto alifaulu darasa la saba akachelewa kuripoti, kisha akaona haya kwenda akiwa wa mwisho, na mwisho hakwenda kabisa. Hakuna aliyemzuia, ni Januari iliyomzuia.

Dawa ya jambo hili twaiona katika mwezi wa Juni na Julai, wakati alizeti imeuzwa na vitunguu vimetoka. Mzazi atenge fungu la shule wakati ule ule, hata kama ni kuku watano tu atakaowaita kuku wa sare; kuku wa Singida wana soko mpaka Dar es Salaam. Na jumuiya za misikiti zaweza kufanya zaidi. Msikiti unaokusanya fedha za maulidi, na hatusemi usikusanye, hautashindwa kukusanya fedha za sare za mayatima kumi kabla ya Januari. Kina mama katika vikundi vyao vya kuwekeana fedha wamekwisha tutangulia katika hili, na sisi wanaume yatupasa tuwaulize wafanyavyo.

Jambo la pili ni masafa. Shule ya kata yaweza kuwa ndani ya kata na bado ikawa mbali na kijiji, na mtoto akaenda kwa miguu saa moja na zaidi alfajiri. Wazazi wengine huwapangisha binti zao chumba karibu na shule, wakakaa wawili watatu peke yao, wakajipikia. Hapa hatutazunguka: binti wa miaka 15 aliyeachwa peke yake katika chumba cha kupanga ameachwa hatarini. Penye hosteli na apelekwe hosteli. Pasipo hosteli, atafutiwe nyumba ya jamaa au ya Mwislamu mwaminifu mwenye mke na watoto. Baiskeli nayo ni msaada mkubwa katika nchi tambarare kama hii, wala hatujaona kitabu cha fiqhi kinachomkataza msichana aliyejisitiri kupanda baiskeli kwenda shule.

Na ikitokea msiba, binti akapata mimba, sheria haimfungii tena mlango. Mnamo Novemba 2021 serikali ilitoa waraka wa kuwarudisha shuleni wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwamo waliojifungua. Asiyeweza kurudi katika shule ya kawaida anazo njia nyingine. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa tangu mwaka 1975, vimo pia mkoani kwetu, Singida na Msingi, na vyuo vya namna hii vimekuwa vikipokea kina mama vijana wakajifunza ushoni, upishi, umeme au kilimo, na wengine wakasoma masomo ya sekondari humo humo. Ama mtu anayemwoza mwanafunzi au kumpa mimba, ajue kwamba tangu mwaka 2016 Sheria ya Elimu imeweka kifungo cha miaka 30. Twasema haya wazi kwa sababu ziko nyumba ambamo posa huletwa kabla ya matokeo ya mtihani kutoka.

Sasa habari mpya ya mpangilio wa masomo. Kwa Sera ya Elimu ya mwaka 2014, Toleo la 2023, elimu ya lazima imekuwa ya miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Kwa mpango uliotangazwa, watoto walioingia darasa la tatu mwaka 2024 ndio wa kwanza kumalizia darasa la sita, mwaka 2027, na katika mwaka huo huo wenzao waliowatangulia wamalizia darasa la saba. Maana yake ni kwamba kidato cha kwanza cha mwaka 2028 chapokea madarasa mawili kwa pamoja. Mzazi mwenye watoto wawili waliofuatana aanze kujifunga mkanda mapema, maana huenda akanunua sare za sekondari za watoto wawili Januari moja.

Sekondari nayo imegawanyika mikondo miwili: wa jumla, na wa amali ulioanza mwaka 2024 katika baadhi ya shule, ambamo mwanafunzi husoma na ufundi ndani yake. Wazazi wetu bado huudharau ufundi. Fundi wa umeme hudharauliwa mpaka taa ikizimika! Mjini Singida kuna chuo cha ufundi cha VETA, na kuna tawi la Taasisi ya Uhasibu Tanzania kwa wapendao hesabu na biashara, na Iramba kuna chuo cha ualimu cha Kinampanda. Yote haya yamo ndani ya mkoa, kijana hana haja ya kwenda kulala kwa jamaa Dar es Salaam akitafuta asichokijua.

Na wale wanaopenda elimu ya dini pamoja na ya dunia, Machi 2024 serikali ilitangaza tahasusi mpya 49 za kidato cha tano, zikawa 65 pamoja na za zamani, na zimo zenye Elimu ya Dini ya Kiislamu. Kwa hiyo kijana aliyefanya vizuri somo hilo kidato cha nne asilione kuwa ni la kupambia cheti tu. Na huko mbele kipo Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro, kilichoanzishwa mwaka 2004.

Tumeulizwa mara nyingi juu ya mkopo wa wanafunzi wa elimu ya juu, kwamba je, una riba? Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 ikaanza kazi mwaka 2005. Kwa miaka kadhaa mdaiwa alitozwa asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kulinda thamani ya fedha, na vijana wengi wa Kiislamu waliacha kuomba kwa ajili ya hiyo. Siku ya Mei Mosi 2021, mjini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuiondoa tozo hiyo, na mwaka huo huo ikaondolewa na adhabu ya asilimia 10 ya kuchelewa kulipa. Hukumu ya kifiqhi twawaachia mashekhe wenye elimu, ila ni haki yao wapewe habari zilivyo sasa, wasihukumu kwa habari za zamani. Na deni ni deni: aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka amalize.

Katika kutoa mkopo, Bodi hutazama hali ya mwombaji, yatima na watoto wa kaya zinazosaidiwa na TASAF wakiwamo. Lakini hayo huthibitishwa kwa karatasi. Hati ya kuzaliwa lazima ihakikiwe na RITA, na mwenye kufiwa na mzazi alete na cheti cha kifo kilichohakikiwa. Twajua vijiji ambamo watu huzikana kwa heshima zote za dini, na hakuna hata mmoja anayekwenda kuandikisha kifo. Miaka kumi baadaye yatima hawezi kuonyesha kwamba ni yatima.

Hapa ndipo tunaporudi kwa mzee wetu wa Ikungi. Majina yetu ya Kiislamu yana maandiko mengi: Ali na Ally, Othman na Athumani, Khadija na Hadija, Shaaban na Shabani, Ramadhan na Ramadhani. Siku mtoto anapoandikishwa darasa la kwanza, mwalimu huandika alivyosikia, na mzazi hasomi kilichoandikwa. Jina hilo hupanda na mtoto darasa kwa darasa mpaka kwenye mtihani wa taifa, na likiisha ingia katika cheti cha Baraza la Mitihani ni vigumu mno kulibadili. Mzazi mwenye mtoto shuleni leo, na aende kesho na hati ya kuzaliwa mkononi, aombe kuonyeshwa jina la mtoto lilivyo katika daftari, alinganishe herufi kwa herufi, tena kabla ya mtoto kusajiliwa kwa mtihani. Ni kazi ya asubuhi moja.

Mzee wetu asubuhi ile ilimpita miaka mingi nyuma. Tulimwelekeza kwa wakili, akala kiapo kwamba Othman na Athumani ni mtu mmoja, naye ndiye yeye. Akapeleka karatasi zihakikiwe, akapanda basi kurudi Ikungi, akarejea tena wiki iliyofuata kwa sababu nakala moja ilikosa mhuri. Baadaye alituletea salamu kwa mkono wa dereva mmoja. Binti amepata chuo, na mkopo amepewa, ingawa si wote. Kilichopungua mzee amekitoa katika magunia ya alizeti aliyokuwa ameyaweka kungoja bei. Na mdogo wake, aliyekuwa darasa la pili, amekwisha rekebishiwa jina.