Televizio ya Sale Kubwa: Itafungua Intaneti Miaka Mingapi?

Trimestri hii wengi wametuuliza juu ya feza ya televizio. Mnajua, komite inakusanya kidogo kidogo kwa kununua televizio ya sale kubwa, na wengi wanasema: "Tununue yenye intaneti, tusome nayo." Maneno mazuri. Lakini mwaka uliopita baba wa mmoja wetu alinunua televizio ya okazio mu duka moja mjini. Kioo kizuri, sauti nzuri, na ndani yake kuko alama ya YouTube. Wakaifinya: paka maandishi kwamba programu hii haitumiki tena. Kwa hiyo tuliona vema kueleza gisi mambo haya yanavyotembea.

Televizio ya zamani ilikuwa na kazi moja, kupokea picha kutoka antena. Ile ya sasa njo kompyuta yenye kioo kikubwa. Ndani yake kuko navigateri, ni kusema programu ya kufungulia kurasa za intaneti. Na programu nyingi tunazoona pale, katika televizio za LG (webOS, tangu 2014) na za Samsung (Tizen, tangu 2015), ni kurasa za intaneti tu zilizovalishwa nguo nyingine. Mwenye programu akigeuza ukurasa kule kwake, ninyi mnapata mupya bila kugusa kitu.

Lakini navigateri yenyewe inabaki ndani ya televizio, na inazeeka. Telefone watu wanaibadilisha kisha miaka michache. Televizio inakaa miaka kumi na bado inaonyesha mupira vizuri. Hapo njo shida. Mu Aprili 2015 YouTube iliacha programu yake ya zamani, na televizio nyingi za 2012 na kurudi nyuma zikabaki bila. Netflix nayo, iliyofika kwetu Kongo mu Januari 2016, iliacha mu Desemba 2019 televizio fulani za Samsung za 2010 na 2011.

Kuko tena neno la hati. Kila ukurasa salama unaonyesha hati yake, sawa mwanafunzi anavyoonyesha karte pa mlango, na televizio inatazama kama aliyetia sahihi anajulikana. Orodha ya watia sahihi iliwekwa kule kiwandani. Tarehe 30 Septemba 2021 hati moja kubwa, ambayo kurasa nyingi sana ziliitegemea, ilifikia mwisho wake, na vyombo vya zamani vikakataa kurasa zisizo na kosa lolote. Ni sawa mlinzi mzee ambaye hajasikia jina la prefe mupya. Na umeme ukikatika (hapa Kasapa hatuna haja ya kueleza), televizio ikipoteza tarehe, inaweza kukataa vilevile mpaka mtu apange saa.

Wazo lenyewe si la leo. Marekani walianza WebTV mu 1996, Microsoft ikainunua 1997, ikafungwa 2013. Kuandika na telekomande, herufi moja moja, ni kazi ya kumaliza roho, tangu wakati ule mpaka sasa.

Mbele kutakuwa namna gani? Mwaka 2024 LG ilitangaza kwamba televizio zake fulani zitapewa programu mpya kwa miaka 5, Samsung ikasema miaka 7. Ni zile fulani tu, hapana zote. Wengine wanafuata njia nyingine: kifaa kidogo cha kuchomeka ku HDMI, sawa Chromecast iliyotoka 2013. Kikizeeka, munakitoa, kioo kinabaki.

Sisi tunaona hii njo njia ya masomo yetu: kioo kizuri chenye HDMI, bei ya kadiri, na ordinatere ya masomo iunganishwe pale. Tena tusisahau mega. Saa moja ya filme inakula karibu giga 1 kwa picha ya kawaida, na karibu giga 3 kwa picha safi ya HD. Nani atalipa kila juma? Neno hilo komite haijalijibu bado.

Mwenye mawazo mengine aandike ku karatasi, aitie mu sanduku la gazeti karibu na biblioteke, mbele komite haijaenda mjini.