Kuchomelea kwa TIG Nyumbani: Yajue Haya Kabla ya Kulipia Mashine

Si ajabu kukuta nyuma ya nyumba gari la zamani lililosimama miaka mingi. Mwenyewe hataki kuliuza, kwa kuwa pengine liliachwa na marehemu baba yake. Wala hataki kulikabidhi gereji, kwa kuwa anatamani kulifufua kwa mikono yake mwenyewe, jioni moja baada ya nyingine. Mlaji wa namna hii ndiye anayelengwa na makala hii. Amesikia kwamba uchomeleaji wa TIG huacha mshono safi na haupindishi bati jembamba, naye yuko tayari kutoa akiba yake dukani.

Ushauri wetu ni kwamba mashine iwe jambo la mwisho kununuliwa, si la kwanza. Anayeanza na mashine mara nyingi hugundua baadaye kwamba haiwezi kuunga metali ya gari lake, kwamba umeme wa nyumba hauimudu, au kwamba gesi na vifaa vya kujikinga havikuwamo katika bajeti. Hilo la mwisho ndilo baya zaidi, kwa kuwa aliyekwisha fedha hushawishika kuanza kazi bila kinga.

TIG ni nini?

Herufi hizi ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yanayotaja vitu viwili: tungsteni na gesi ajizi, yaani gesi isiyoungana kwa urahisi na kitu kingine. Njia hii ilipata umbo lake mwanzoni mwa miaka ya 1940 huko California, Marekani, wakati Russell Meredith wa kampuni ya ndege ya Northrop alipotafuta namna ya kuunga magnesiamu, metali nyepesi inayoshika moto kwa urahisi.

Katika uchomeleaji tuliouzoea mitaani, kijiti ndicho kinachopitisha umeme na ndicho kinachoyeyuka kuziba mshono. Katika TIG, umeme hupita kwenye sindano ya tungsteni isiyoyeyuka: chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi, ilhali tungsteni huhitaji zaidi ya nyuzi 3,400. Gesi ya agoni hutoka kuizunguka sindano hiyo na kuzuia hewa isiguse metali iliyoyeyuka. Mkono mmoja hushika kishikio, na mwingine huongeza waya wa kujazia kidogo kidogo.

Kwa sababu hiyo kazi ya TIG ni safi na sahihi, lakini ni ya polepole. Inataka metali iliyosafishwa hadi kung'aa na mahali pasipo upepo wa kupeperusha gesi. Ikiwa nia yako ni kuziba viraka vingi vya kutu kwenye bodi ya chuma, mashine ya MIG, inayosukuma waya yenyewe, huenda ikakufaa zaidi na ni rahisi kujifunza. TIG ina manufaa zaidi kwenye bomba la moshi, chuma cha pua, bati jembamba na alumini.

Anza na gari lako

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa mashine ya kuchomelea, asiyechagua ndiye anayepata hasara.

Chukua mfano wa Land Rover ya zamani. Gari hilo lilipozinduliwa mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, hivyo sehemu kubwa ya bodi ilitengenezwa kwa aloi ya alumini. Utaratibu huo uliendelea kwa miongo mingi. Lakini chesisi yake ni ya chuma, na pia ukuta unaotenganisha injini na abiria. Mwenye gari hilo ana metali mbili zisizochomelewa kwa mkondo mmoja wa umeme.

Chuma na chuma cha pua huchomelewa kwa mkondo mnyoofu, wenye alama DC. Alumini kwa kawaida huhitaji mkondo geu, wenye alama AC. Sababu ni kwamba uso wa alumini hufunikwa na tabaka la oksidi linaloyeyuka kwenye nyuzi 2,000 na ushee, wakati alumini yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 660. Mkondo geu hulivunja tabaka hilo huku kazi ikiendelea. Mashine yenye DC pekee haitakufaa kwa bodi ya Land Rover, hata muuzaji akisema nini. Ikiwa gari lako lote ni la chuma, huna sababu ya kulipia AC, inayoongeza bei kwa kiasi kikubwa.

Soma kibati, si boksi

Boksi linaweza kuandikwa "TIG 200" kwa herufi kubwa. Ukweli uko kwenye kibati cha maelezo kilichobandikwa kwenye mashine. Mwombe muuzaji akuoneshe, kisha utafute mambo haya:

1. Alama I2, yaani mkondo wa kuchomelea. Kwa makadirio ya mafundi, kila milimita moja ya unene wa chuma huhitaji ampea 40 hivi. Bati la milimita 1.5 litataka kama ampea 60. Kwa hiyo muhimu kwako ni jinsi mashine inavyoweza kushuka na kutulia kwenye mkondo mdogo, kuliko jinsi inavyopanda.

2. Alama X, yaani sehemu ya muda ambao mashine inaweza kufanya kazi katika kila dakika 10. Asilimia 60 kwenye ampea 100 maana yake ni dakika sita za kazi na nne za kupumzika. Mashine inayotaja ampea 200 kwa asilimia 15 itafanya kazi kwa dakika moja na nusu tu kwenye kiwango hicho.

3. Alama I1max na I1eff, zinazoeleza mkondo ambao mashine huvuta kutoka ukutani.

4. Rejeo la kiwango cha IEC 60974-1, ambacho ni kiwango cha kimataifa cha mashine hizi. Kibati kisichotaja kiwango chochote, au mashine isiyo na kibati kabisa, ni sababu ya kutosha ya kuondoka dukani.

Uliza pia mambo mawili. Je, mashine ina vali yake ya gesi? Baadhi ya mashine za vijiti huuzwa kwa jina la TIG ilhali gesi hufunguliwa kwa mkono kwenye kishikio. Je, inawasha kwa masafa ya juu, yenye alama HF, au ni lazima sindano iguse metali? Kuwasha kwa kugusa hufaa kwa chuma, lakini kwa alumini HF ni ya lazima kwa kazi nzuri. Mtu mwenye kifaa cha moyo kinachotumia umeme asikaribie mashine ya kuchomelea kabla ya kupata ushauri wa daktari wake.

Umeme wa nyumba

Soketi ya kawaida ya nyumbani hapa Tanzania hutoa volti 230 na imekusudiwa kubeba ampea 13. Mashine inayochomelea kwa ampea 100 huweza kuvuta karibu na kiwango hicho chote. Kwenye ampea 160 huweza kukipita kwa mbali. Kulazimisha matokeo yake ni plagi inayoyeyuka, au nyaya zinazopata moto ndani ya ukuta mahali usipoziona.

Mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA akague waya wa ardhi na, ikibidi, akuwekee laini ya peke yake yenye swichi na kinga yake. Ukitumia waya wa kuongeza urefu, uwe mnene na uukunjue wote, kwani uliozungushwa kwenye kigurudumu hupata joto.

Gesi ya agoni

Omba agoni halisi. Mtungi unaouzwa kwa ajili ya MIG mara nyingi huwa na agoni iliyochanganywa na kabonidioksaidi, na mchanganyiko huo huharibu sindano ya tungsteni mara moja. Soma lebo ya mtungi wala usitegemee rangi peke yake.

Fahamu pia gharama ya kuendelea. Mtungi wa ujazo wa lita 10 uliojazwa kwa shinikizo la baa 200 hutoa takriban lita 2,000 za gesi. Ukitumia lita 8 kwa dakika, utapata kama saa nne za kuchomelea. Kabla ya kulipa, uliza kama mtungi unakuwa mali yako au umekodishwa, nani ataujaza tena, na tarehe ya majaribio iliyogongwa shingoni mwake ni ipi. Mtungi usimame wima na ufungwe kwa mnyororo. Ukianguka na vali ikakatika, shinikizo hilo huugeuza kombora.

Agoni haina harufu na ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama chini na kuiondoa hewa bila mtu kuhisi. Usichomelee ndani ya shimo la kukagulia magari, wala usiuache mtungi wazi katika chumba kilichofungwa.

Kinga ambayo haipunguzwi bei

Mwanga wa TIG una mionzi mikali ya urujuanimno. Dakika chache bila kinga huweza kukuamsha usiku macho yakiwaka kama yametiwa mchanga. Kwa mkondo wa ampea 40 hadi 125, kioo cha kofia kiwe cha namba 10 au 11. Vaa ovaroli ya pamba yenye mikono mirefu, viatu vya ngozi vilivyofunika mguu wote na glavu kavu. Watoto wanaochungulia wakae mbali, nyuma ya pazia au ukuta.

Moshi pia una madhara. Mwaka 2017 jopo la wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Fanya kazi mahali penye hewa inayopita, ukikinga upepo upande wa kazi tu. Ondoa kwanza rangi na zinki kwenye bati. Nunua tungsteni yenye alama ya dhahabu, bluu au kijivu. Ile ya nyekundu ina thoriamu, yenye mionzi hafifu, na vumbi lake wakati wa kunoa halifai kuvutwa.

Lipo onyo moja ambalo wengi hawalijui. Usisafishe metali kwa dawa ya breki yenye klorini kabla ya kuchomelea. Joto na mwanga wa kuchomelea huweza kuigeuza dawa hiyo kuwa gesi ya fosijini, ambayo hata kiasi kidogo kinaweza kuua, na dalili zake huweza kuchelewa kwa saa nyingi. Tumia asetoni, uiache ikauke kabisa, na uweke kopo lake mbali na kazi.

Kabla ya kuwasha

Tenganisha nyaya zote mbili za betri. Weka kibanio cha kurudisha umeme karibu kabisa na mahali unapochomelea. Jua tangi la mafuta liko wapi: katika Land Rover nyingi za zamani liko chini ya kiti cha mbele, karibu mno na sehemu zinazooza. Litoe gari zima na kulipeleka mbali. Usichomelee tangi la mafuta kamwe, hata kama limekaa tupu kwa miaka, kwa sababu mvuke uliobaki ndio unaolipuka. Weka kizima moto mkononi mwako, na kazi ikiisha ubaki hapo angalau nusu saa ukitazama moshi. Namba ya dharura ya Zimamoto ni 114.

Jifunze kwa vipande chakavu

Usianze na gari. Chukua vipande vya bati la chuma la milimita 2, sindano ya milimita 1.6 iliyonolewa kwa urefu wake, na uyeyushe mstari bila kuongeza waya hadi uweze kuutawala. Kisha unganisha vipande viwili, uvibane kwenye jiliwa na uvikunje. Mshono ukivunjika, haukupenya. Rudia mpaka bati lenyewe ndilo linalopinda.

Hata baada ya hapo, chesisi, mfumo wa usukani, breki, na mahali inapofungwa mikanda ya usalama vibaki kuwa kazi ya fundi aliyehitimu. Mshono unaopendeza kwa macho unaweza kuwa haukushika, na anayekuja kuubaini ni abiria wako, au mpita njia asiyejua lolote.

Ukishanunua

Dai risiti inayotaja aina na namba ya mashine, na dhamana iliyoandikwa. Iwapo kilichouzwa si kile ulichoelezwa, hifadhi boksi, piga picha ya kibati na umrudie muuzaji mapema. Asipokusikiliza, unaweza kuwasilisha malalamiko katika Tume ya Ushindani (FCC), inayosimamia haki za mlaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Bidhaa unayotilia shaka ubora wake, itolee taarifa kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Gari lililosubiri miaka kumi halitaharibika zaidi kwa kusubiri mwezi mmoja. Tumia mwezi huo kupima unene wa mabati, kukaguliwa umeme, kuulizia gesi na kutenga fedha za kofia na kizima moto. Kiasi kitakachobaki ndicho bajeti yako halisi ya mashine.