Mbuzi Huyu Ametoka Wapi?

(MUZIKI WA KUFUNGUA, KISHA UNASHUKA)

MTANGAZAJI: Leo tuko Kisenyi, Kampala, mtaa wanakoishi ndugu zetu wengi kutoka Somalia. Ni asubuhi, bucha zimefunguliwa. Mama mmoja anauliza, "Kilo ni pesa ngapi?" Kisha anauliza, "Ni ya leo?" Analipa, anakwenda. Swali la tatu hakuliuliza: mbuzi huyu ametoka wapi?

Swali hilo ni zito. Mwaka 2000 Saudia ilikataa mifugo hai kutoka Pembe ya Afrika kwa kuogopa Homa ya Bonde la Ufa. Somalia ilisubiri mpaka mwaka 2009. Mfugaji mwenye mbuzi wazima alifungiwa mlango pamoja na mwenye wagonjwa.

Hata hapa Uganda, ukiingia ugonjwa wa miguu na midomo, wilaya nzima hufungiwa masoko ya mifugo. Isingiro, ambako yako makazi ya Nakivale, imeyapitia hayo. Wewe mwenye mbuzi wawili wa kulipia watoto karo, unakaa nao tu.

(SAUTI YA MBUZI)

MTANGAZAJI: Ndiyo maana kuna nchi zinazofuatilia mifugo kwa kompyuta. Kazi inakwenda hivi. Mnyama anavalishwa hereni yenye namba yake peke yake. Namba inaingizwa kwenye kompyuta: mwenyewe ni nani, mnyama amezaliwa wapi, amepata chanjo gani. Akiuzwa, inaandikwa. Akifika machinjioni, mashine inasoma namba, na habari zake zinahamia kwenye kibandiko cha nyama. Ugonjwa ukionekana, wakaguzi wanajua waanzie zizi gani.

Botswana, inayouza nyama Ulaya, ilianza kwa kuwamezesha ng'ombe kidonge kigumu chenye chipu, kinachobaki tumboni. Baadaye ikahamia kwenye hereni. Huko Ulaya, baada ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, sheria ya mwaka 2000 ilitaka kibandiko kionyeshe ng'ombe alizaliwa wapi, alilelewa wapi na alichinjwa wapi.

Lakini angalia jambo moja. Hereni iko sikioni, na kichwa hakiendi pamoja na paja. Kama machinjioni hakuna aliyeandika namba, nyama inafika bucha bila habari zake, hata kama mashine ni ya bei ghali.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI: Sasa sisi tusio na mashine tufanye nini? Mambo matatu.

Kwanza, bucha ni mwambie muuzaji akuonyeshe muhuri wa mkaguzi kwenye nyama kabla hajakata. Hiyo ni haki yako, si ugomvi.

Pili, usile mnyama aliyekufa mwenyewe, hata ukipewa bure. Mwaka 2023 kimeta kiliua watu wilayani Kyotera.

Tatu, ukinunua au kuuza mnyama, pata barua ya mwenyekiti wa LC1. Ukimsafirisha, pata kibali cha daktari wa mifugo wa wilaya. Karatasi hizo zitunze pamoja na kadi yako ya chakula. Kwa leo, hizo ndizo hereni yetu.

Kesho ukifika bucha, uliza lile swali la tatu.

(MUZIKI WA KUFUNGA)