Umepata kazi, je, utadumu?

Barua ya kuajiriwa umeipata. Mama ameshukuru Mungu, majirani wamekupongeza, na wadogo zako wameanza kukuagizia viatu. Lakini je, barua hiyo umeisoma hadi mwisho? Huenda mna sentensi fupi isemayo kwamba utakuwa katika kipindi cha majaribio.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaruhusu majaribio yasiyozidi miezi sita. Muda huo waweza kuongezwa kwa miezi mingine isiyozidi sita, mradi wewe mwenyewe ukubali. Katika kipindi hicho, mkataba waweza kuvunjwa kwa ilani ya siku saba tu, au kwa malipo ya siku hizo.

Kwa hivyo usidhani safari imekwisha. Cheti chako kimekwisha kufanya kazi yake. Kuanzia sasa, mwajiri anatazama kama anaweza kukutegemea.

Kutegemewa huanza na mambo madogo. Ukisema hesabu itakuwa tayari saa kumi, basi iwe tayari saa kumi. Ukiona haitawezekana, sema saa sita, wala usingoje uulizwe. Vivyo hivyo kuhusu kufika kazini. Msongamano wa magari katika barabara ya Jogoo haukuanza leo, na mkubwa wako anaujua. Toka nyumbani mapema.

Pili, uliza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Katika wiki za kwanza kila mtu anatarajia uulize, na atakujibu kwa moyo mkunjufu. Ukingoja hadi mwezi wa tano ndipo uulize jinsi ankara inavyojazwa, watu watashangaa ulikuwa ukifanya nini siku zote hizo. Beba daftari, uandike unayoelekezwa, usije ukauliza jambo lile lile mara tatu.

Tatu, ukikosea, sema upesi. Hebu fikiria karani wa ghala aliyepakia katoni 50 badala ya 15. Akisema lori lingali langoni, litarudishwa, katoni zitashushwa na mambo yataisha kwa maneno mawili matatu. Akinyamaza hadi lori lifike Nakuru, kampuni itagharimika, na hapo swali halitakuwa tena juu ya katoni bali juu ya yeye kunyamaza.

Nne, usichague kazi kwa sababu umesoma. Eliud Kipchoge alishinda mbio za marathoni za Olimpiki mwaka wa 2016 mjini Rio na tena mwaka wa 2021 nchini Japani. Hata hivyo, katika kambi ya Kaptagat alishika zamu ya usafi pamoja na wenzake, na mazoezi yake aliyaandika daftarini. Kama bingwa kama huyo alishika ufagio, wewe wa juzi utakataaje kupanga faili?

Lakini msomaji, unyenyekevu si kukubali kila kitu. Ukiambiwa utie sahihi kwamba umepokea bidhaa ambazo hukuziona, kataa kwa adabu. Sema, "Nitatia sahihi nikishazihesabu." Wakaguzi wa hesabu wakija, aliyekutuma huenda asikumbuke kwamba alikutuma, ilhali sahihi yako itakuwa pale pale kwenye karatasi.

Nanyi wazazi, mambo haya hayafundishwi siku ya kwanza ya kazi. Mtoto anayetumwa dukani na kurudi na chenji kamili, au anayesema mwenyewe kwamba amevunja kikombe, amekwisha kuanza mafunzo. Usimchape kwa kusema kweli, la sivyo utamfunza kuficha.

Hata ikitokea uiache kazi hiyo, sheria inamtaka mwajiri akupe cheti cha utumishi, mradi ulifanya kazi kwa wiki nne mfululizo au zaidi. Cheti hicho kitasema ulifanya kazi gani na kwa muda gani. Lakini sheria haimlazimishi mtu yeyote kuandika kwamba ulikuwa mfanyakazi mwema. Maneno hayo utayapata tu kutoka kwa watu uliofanya kazi nao, na hao wanakutazama tangu asubuhi ya kwanza.