Hawezi, au Hajaachiwa?

Muulize mtunzaji mjini Garissa kama mzee wake mwenye dimenshia bado anajiweza, atakujibu upesi: "Akili iko sawa, jana katuhesabia mababu wote." Ni kweli. Mzee wa Kisomali aliyefunzwa abtirsi, nasaba ya baba kwa baba, tangu utotoni huweza kuitiririsha hata ugonjwa ukishaanza kukolea, kwa kuwa yaliyokaririwa zamani huchelewa kufutika. Mzee huyohuyo mpe elfu mbili za Inua Jamii, posho ya serikali ya Kenya, aende dukani, kisha uulize chenji.

Kuna kosa la upande wa pili: kumhesabia mzee upungufu asio nao. Mwaka 1969, Wamarekani M. Powell Lawton na Elaine Brody walitoa orodha ya shughuli nane za kumpimia mzee: simu, manunuzi, kupika, usafi wa nyumba, kufua, usafiri, dawa na fedha. Ipeleke kwa mfugaji, umuulize mkewe kama mzee anapika. Hapiki, wala hajawahi kupika! Ndiyo maana watafiti wa dimenshia wilayani Hai, Kilimanjaro, walitunga maswali yanayolingana na maisha ya huko. Garissa ningeanza na mifugo: bado anawatambua mbuzi wake? Bei anayoitaja ni ya leo, au ya enzi za ujana wake?

Tena kuna waliopokonywa. Mzee akikosea M-Pesa mara moja, simu inachukuliwa. Baadaye nyumba nzima inasema hawezi simu, ilhali hakuna aliyemjaribu tena. Mtunzaji aliyechoka naye huelekea kuona upungufu mkubwa kuliko ulivyo. Simlaumu: kumvisha mzee ni haraka, kumngoja ajivishe kunamaliza asubuhi.

Mtazame anapotawadha. Ameosha viganja, amesukutua, amepandisha maji puani, kisha anaganda, birika mkononi. Mwambie "uso", anaendelea mpaka viwikoni. Mwambie "kichwa", anamalizia na miguu. Huyo anahitaji neno tu. Mwingine anaishika birika asijue ni ya nini; huyo ni wa kuoshwa. Ukisema wote wawili "wanasaidiwa", hujamwambia daktari lolote.

Kwa hiyo siku ya kliniki aende mkamwana anayeshinda naye, si mtoto anayempigia simu kutoka Eastleigh. Na aseme aliyoyaona wiki hii: lipi mzee alifanya mwenyewe, lipi kwa kukumbushwa, na lipi hakuachiwa kulijaribu.