Samaki na Mboga kwa Maji Yale Yale

Labda utacheka. Sisi wa Lweba tunakaa kando ya Ziwa Tanganyika. Mbona tufundishwe kuchimba bwawa la samaki? Lakini mama wa watoto anajua jibu. Ndagala huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa, wavuvi hurudi na samaki kidogo, na bei hupanda. Mwaka 2024, upande wa Tanzania, uvuvi wa ziwa ulifungwa toka 15 Mei hata 15 Agosti ili samaki wapate kuzaa. Siku kama hizo mtoto hula nini? Bugali wa muhogo, na kesho bugali tena.

Bugali hushibisha tumbo, lakini peke yake haumkuzi mtoto. Ndipo inapokuja bwaki, ambayo waganga huiita kwashiorkor. Jina hilo lilitoka kwa watu wa Ghana, na daktari Cicely Williams aliliandika mwaka 1935: ni ugonjwa wa mtoto anayeondolewa kifuani kwa mama kwa sababu mwingine amekuja. Miguu huvimba, nywele hugeuka rangi, ngozi hubanduka, mtoto hununa na kukataa chakula. Watu husema, “Amenenepa.” Sivyo, ni maji.

Sasa tusikie habari za bwawa. Tafuta mahali ambapo kijito cha kutoka mlimani kinaweza kuletwa kwa mfereji, na udongo unashika maji. Meta 10 kwa 10 zatosha kuanza. Kina kiwe nusu meta upande mmoja na meta 1 upande mwingine. Weka tilapia wadogo 200. Kwenye pembe moja jenga ua wa miti, utie humo majani na samadi ya mbuzi au kuku, yaoze polepole. Maji yatakuwa ya kijani, na huo ndio uji wa samaki. Ingiza mkono: kiganja kikianza kupotea maji yanapofika kiwiko, inatosha. Lakini ukiona samaki asubuhi wanapanda juu kuhema, umezidisha. Acha samadi, ufungulie maji mapya.

Chini ya bwawa lima vitanda vya mboga. Mavi ya samaki hubadilishwa na vijidudu vya udongo na maji yakawa chakula cha mimea, kwa hiyo maji ya bwawa ni bora kwa lengalenga na biringanya kuliko maji matupu ya mto. Nayo majani ya viazi vitamu na mboga zilizozeeka, yarudishe kwa samaki. Katika nchi nyingine watu huzungusha maji hayo kwa mashine, toka pipa la samaki hata mboga na kurudi. Umeme ukikatika, samaki hufa. Kwetu mteremko wa mlima hufanya kazi hiyo bila mafuta.

Wazee wanakumbuka mabwawa ya wakati wa Wabelgiji. Yalichimbwa mengi, na baada ya 1960 mengi yakaachwa. Sababu moja ni hii: tilapia huzaa upesi, wakijaa hawakui tena, na mtu huchoka kuvua samaki wa kidole. Basi baada ya miezi 6 toa maji yote, vua wote, chagua wadogo wa kupanda tena, na uache bwawa likauke jua.

Kukausha huko hupunguza pia konokono. Nami kama muuguzi sitaficha: bwawa chafu huleta kichocho na malaria. Kata majani ya kando, maana humo hukaa konokono na mbu. Choo kiwe mbali, na mavi ya watu yasitiwe kamwe bwawani. Watoto wasiogelee, wala usinywe maji hayo. Mwagilia shina, si majani. Mboga za bwawa zipikwe. Aliyeingia kuvua ajikaushe mara, na akiona damu katika mkojo au choo aje hospitali kupata dawa.

Neno moja kwa akina baba. Nimeona samaki wa bwawa wakienda wote sokoni, au wakubwa kwa mgeni na mchuzi kwa mtoto. Bwana Yesu kule ziwani aliwalisha wanafunzi samaki kwanza, ndipo akamwuliza Petro kama anampenda. Mama, chemsha samaki, toa miiba yote, mponde pamoja na lengalenga na mawese kidogo, uchanganye katika uji wa mtoto. Fanya hivyo kila unapopata samaki, hata kama ni mmoja tu.

Lakini mtoto ambaye miguu imekwisha kuvimba, usijaribu kumponya nyumbani kwa kumshindilia samaki. Mwili wake ni dhaifu, na chakula kizito cha ghafula chaweza kumwua. Mlete hospitali leo, usingoje siku ya soko.