Historia na Hadithi Ndani ya The Da Vinci Code

Riwaya ya Dan Brown, The Da Vinci Code, ilitoka Marekani mwaka 2003 na kuuzwa makumi ya mamilioni ya nakala duniani. Kisa chake kinaanza na mauaji katika makumbusho ya Louvre, Paris, kisha kinamfikisha msomaji kwenye dai zito: Yesu alimwoa Maria Magdalena, wakapata mtoto, na Kanisa limeificha siri hiyo tangu zamani. Mtunzi wa riwaya ana uhuru wa kubuni, na kwa hilo hadaiwi chochote. Kinacholeta utata ni ukurasa uliowekwa kabla ya hadithi, ambapo msomaji anahakikishiwa kuwa jumuiya ya siri ya Prieuré de Sion ipo kweli tangu mwaka 1099, na kuwa maelezo yote ya sanaa, majengo na hati ni sahihi. Dai la namna hiyo halina kinga ya utunzi, nalo lazima lipimwe kama dai lolote la historia.

Jumuiya hiyo iliandikishwa Ufaransa mwaka 1956, na mwanzilishi wake mkuu alikuwa Pierre Plantard, mtu aliyetaka kuaminiwa kuwa ni mzao wa wafalme wa kale wa Wafaranki. Katika miaka ya 1960, yeye na wenzake walitunga nyaraka za uongo na kuziingiza katika Maktaba ya Taifa mjini Paris. Ndani yake majina ya Leonardo da Vinci, Isaac Newton na Victor Hugo yaliorodheshwa kama wakuu wa jumuiya. Mwaka 1982 waandishi watatu walizitegemea nyaraka hizo katika kitabu chao Holy Blood, Holy Grail, na humo ndimo Brown alimochota mengi. Wawili kati yao walimshtaki mchapishaji wa riwaya katika mahakama ya London, wakashindwa kesi mwaka 2006.

Uzito zaidi umo katika sura ambamo mhusika mmoja, mwanahistoria, anaeleza kuwa kabla ya Mtaguso wa Nikea, mkutano wa maaskofu wa mwaka 325, wafuasi wa Yesu walimwona kuwa binadamu tu, hadi uungu wake ulipopitishwa kwa tofauti ya kura chache. Ushahidi unasema vingine. Nyaraka za Paulo, zilizoandikwa takriban miaka ya 50, tayari zinamwita Yesu Bwana na kumwomba. Mnamo mwaka 112 Plinio, gavana Mrumi asiye Mkristo, alimwarifu Kaisari Trajano kuwa Wakristo wa jimbo lake humwimbia Kristo kama mungu. Mabishano ya Nikea yalihusu mafundisho ya Ario, padri wa Aleksandria, aliyesema kuwa Mwana aliumbwa na Baba. Hata Ario hakumwona Yesu kuwa mtu wa kawaida. Kwake Mwana alikuwako kabla ya ulimwengu. Maaskofu waliohudhuria walikaribia 300, na mwishowe wawili tu ndio waliokataa kutia sahihi.

Hapo pana ukweli ambao riwaya imeupinda. Kaisari Konstantino kweli aliitisha mtaguso ule na kumpeleka Ario uhamishoni, na mkono wa dola katika mambo ya imani ni jambo la kujadiliwa kwa makini. Lakini hakuchagua vitabu vya Biblia, kama riwaya inavyodai. Ireneo, askofu wa Lyon, alitetea Injili nne mnamo mwaka 180, karibu karne moja kabla Konstantino hajazaliwa. Orodha ya kwanza inayojulikana yenye vitabu 27 vya Agano Jipya, hivyo hivyo na si zaidi, ni ya Atanasi wa Aleksandria, katika waraka wake wa Pasaka wa mwaka 367.

Riwaya inayataja pia magombo ya Bahari ya Chumvi kama kumbukumbu za Kikristo, ingawa ni maandishi ya Kiyahudi na hayana Injili hata moja. Injili ya Filipo, iliyopatikana Nag Hammadi, Misri, mwaka 1945, kweli inamwita Maria Magdalena mwenzi wa Yesu. Hata hivyo, wataalamu wengi wanaihesabu kuwa ya karne ya pili au ya tatu, ukurasa wenyewe umetoboka pale panapotajwa busu, na ndoa haikutajwa. Kuhusu mchoro wa Leonardo wa Karamu ya Mwisho ulioko Milano, kijana asiye na ndevu kando ya Yesu, ambaye riwaya inadai ni Maria Magdalena, ni Yohane. Wachoraji wa Italia wa enzi hizo walizoea kumchora hivyo.

Kuna jambo moja ambalo Brown alilisema sawasawa: Biblia haisemi popote kuwa Maria Magdalena alikuwa kahaba. Sifa hiyo ilienea Magharibi kwa sababu Papa Gregori Mkuu, katika mahubiri ya mwaka 591, alimchanganya na mwanamke mwenye dhambi asiyetajwa jina katika Injili ya Luka. Makanisa ya Mashariki hayakuwahi kuwachanganya. Kanisa Katoliki liliwatenganisha katika kalenda yake ya mwaka 1969, na mwaka 2016 kumbukumbu ya Maria Magdalena, tarehe 22 Julai, ikapandishwa kuwa sikukuu kama zile za mitume.